Barua kwa Mwanangu: Uhai Ulio Ndani ya Mbatata

Mwanangu Rukia,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema umekubali kupika chakula cha mchana cha watu 60 kwa familia ya Kijaini inayompongeza nyanya yao kutimiza miaka 80. Orodha uliyopewa imekataza nyama, samaki na mayai, jambo ulilolitarajia. Kisha ikakataza mbatata, vitunguu, thomu, karoti na tangawizi mbichi, na hapo ukashangaa. Ukaniuliza: "Mama, mbatata ina roho gani hata mtu aiogope? Na mimi Muislamu nikifuata masharti haya jikoni, si nitakuwa nimeingia kwenye dini yao?" Nakujibu kwa barua, kwani mambo haya ukiyapokea vipande vipande kwenye simu, utayapika vipande vipande vilevile.

Kwanza ujue unampikia nani. Hapa Mombasa tumezoea kuwaita wote Mabaniani tukamaliza, lakini Wajaini wana dini yao mbali na Wahindu. Hekalu lao ni lile jeupe la Langoni lenye nakshi, na wengi wa Wajaini wa Kenya asili yao ni vijiji vya karibu na Jamnagar, Gujarat. Wanafuata mafundisho ya walimu 24 wanaowaita Tirthankara. Wa mwisho ni Mahavira, na alama yake ni simba. Aliyemtangulia ni Parshvanatha, na sanamu yake utaijua kwa vichwa vya nyoka vilivyomfunika kama mwavuli. Usidhani basi kwamba wanamwabudu nyoka au simba. Hao ni alama za kuwatambulisha walimu. Heshima yao kwa mnyama inatokana na imani kwamba ndani ya mnyama mna kitu kilekile kilichomo ndani ya mtu, bila kupungua.

Kitu hicho wanakiita jiva, na hapa ndipo neno letu "roho" linapokupoteza. Sisi twasema mtu amekata roho, kana kwamba roho ni uzi. Kwao jiva haikatiki wala haifi, imekuwepo tangu milele na huhama mwili hadi mwili, leo ndani ya mdudu chungu, kesho ndani ya mwanaadamu. Kinachoweza kukatwa ni prana, yaani zile nguvu za uhai zinazoishikiza jiva katika mwili ilimo. Nazo wamezihesabu, ni kumi. Tano ni kugusa, kuonja, kunusa, kuona na kusikia. Tatu ni nguvu ya mwili, nguvu ya kutoa sauti na nguvu ya akili. Ya tisa ni pumzi. Ya kumi ni umri, ule muda ambao kiumbe amewekewa kukaa katika mwili huo.

Si kila kiumbe ana zote. Mti na mboga wana nne: kugusa, nguvu ya mwili, pumzi na umri. Mnyoo na konokono wanaongeza kuonja na sauti, wanakuwa na sita. Chungu na kunguni wananusa pia, saba. Nzi, nyuki na nge wanaona, nane. Mwenye hisi zote tano lakini hana akili ana tisa. Mbuzi, ng'ombe na mtu wako kwenye kumi kamili, safu moja.

Ukiishika hesabu hiyo, orodha yako itaanza kusomeka. Mtu hawezi kuishi bila kula, na kila kilichoko kwenye sahani kilikuwa hai. Basi Mjaini anashuka ngazi mpaka kwenye wenye prana nne, na akifika huko bado anachagua njia itakayogharimu uhai mchache zaidi.

Sasa tuje kwenye mbatata yako. Chukua moja iliyosahauliwa kapuni wiki tatu. Haina udongo, haina maji, hakuna aliyeitunza. Lakini macho yake yametoa vichipukizi vyeupe, vingine vyafika urefu wa kidole, na vyote vimepindia upande wa dirisha. Ganda limeanza kusinyaa kwa sababu vichipukizi vinakula kilichomo ndani. Ikate vipande vinne, kila kipande kiwe na jicho lake, uvifukie, na vinne vyote vitaota. Wajaini wanaigawa mimea mafungu mawili. Kuna ile ambayo mwili mmoja una jiva moja, na kuna ile ambayo mwili mmoja ni makao ya jiva zisizo na idadi, nayo huitwa anantakaya. Mbatata, kitunguu, thomu, karoti, figili, biti, kiazi kitamu na tangawizi mbichi vyote viko fungu hilo la pili. Ndiyo maana mtu anayekula embe bila wasiwasi anaisukuma mbatata kando. Embe umelichuma na mti umebaki umesimama. Mbatata ili uipate ni lazima shina ling'olewe, wadudu wa udongoni wafukuliwe, kisha uipike ikiwa imejaa wenyeji.

Kwa hiyo usihukumu kwa kuangalia tu kama kitu kimetoka chini ya ardhi. Karanga zinatoka ardhini lakini wengi wao wanakula, kwa kuwa ni mbegu ndani ya ganda. Tangawizi kavu ya unga inakubalika na manjano makavu pia, kwa sababu kilichokauka hakichipui tena. Asali haitoki ardhini kabisa na hawaili, kwani nyuki huumia na kufa inaporinwa. Uyoga wanaukataa. Biringani pia wengi wanalikataa, kwa mbegu zake nyingi na wadudu wanaojificha ndani.

Kuna neno moja katika Tattvartha Sutra, kitabu ambacho madhehebu zao zote zinakikubali, nalo nataka ulishike kuliko orodha. Himsa, yaani kudhuru, kinaeleza kuwa ni kuondoa prana kwa kutojali. Kutojali ndiyo kiini chake. Mpishi anayejua orodha kwa moyo lakini akamimina dengu sufuriani bila kuzichambua amewavunjia sharti lao hata kama hakutia kitunguu hata kimoja.

Kuhusu dini yako, mwanangu, tulia. Kuchuja maji na kuchambua mchele si ibada. Ni sharti la kazi, kama unavyompunguzia chumvi mgonjwa wa presha. Na wala usidhani sisi hatuna la kusema juu ya uhai wa mnyama. Qur'ani inasema katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba hakuna mnyama ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake ila ni umma kama sisi. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Ndiyo sababu kisu hakinolewi mbele ya mbuzi, na mbuzi hachinjwi mwenzake akiwa anatazama. Katika madhehebu yetu ya Shafi ni lazima koo la pumzi na umio vikatike vyote viwili, na mishipa miwili ya ubavuni mwa shingo ni sunna kuikata. Kisu butu hufanya mkono usugue badala ya kukata, na mnyama huteseka bure. Na kama mnyama alijeruhiwa kabla, mafakihi wetu huuliza kama bado alikuwa na uhai uliotulia, hayatun mustaqirra, na dalili zake ni kuruka kwa nguvu na damu kuchuruzika kwa kasi baada ya kukatwa. Kama uhai huo ulikuwa umeshaondoka kabla ya kisu, ni kibudu, hata kama shingo imekatwa vizuri. Kwa hiyo hata sisi tunaupima uhai, ila sisi tumeruhusiwa kuutoa kwa jina la Mwenye kuumba na kwa adabu, na wao wamejizuia. Huhitaji kuamini imani yao ili uilinde amana yao.

Sasa jikoni.

Anza na maji, kwa sababu ndiyo yanayoingia katika kila chungu. Tumia kitambaa kipya cha pamba kizito, kikunje mara mbili, ukifunge mdomoni mwa ndoo kilegee katikati ili kisichomoke maji yakimiminwa. Chuja taratibu. Yakiwa ya kisima, kuna hatua ambayo wapishi wengi hawaijui: vijidudu vilivyobaki juu ya kitambaa havikamuliwi wala havimwagwi sakafuni. Unakigeuza kitambaa, unakisuuza kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, na hayo ya suuza unayarudisha kisima kilekile, kwa ndoo iliyoteremshwa mpaka chini, si kwa kuyatupa kutoka juu. Yale ya kunywa yachemshe baada ya kuchuja, asubuhi ya siku hiyohiyo. Yaliyolala usiku usiyapeleke.

Nafaka zinataka ungo na mwanga wa mchana. Usinunue gunia la zamani kwa kufuata bei. Nunua mchele na dengu mpya siku mbili kabla, uzichambue kiganja kwa kiganja. Hapa kuna kosa ambalo mikono yetu imelizoea: tukiona fukusi tunaanika mchele juani. Jua la Mombasa la saa sita linawaua. Ukikuta fukusi, mchukue kwa kipande cha karatasi umpeleke kivulini, na kama ni wengi, rudisha mzigo dukani ununue mwingine. Vivyo hivyo kopo la sukari lisiwekwe kwenye sahani ya maji ili chungu wasipande, maana watakaojaribu watazama. Tafuta kopo lenye kifuniko cha kukaza. Dawa ya mende usiipige jikoni wiki hiyo.

Kabla ya kuwasha jiko la gesi, pitisha kifagio laini kwenye vichomeo. Ukitumia kuni, zigonge chini na uzikung'ute moja moja, kwani chungu hupenda kukaa kwenye nyufa. Kila sufuria iwe na kifuniko, na mafuta yanayochemka yasiachwe wazi chini ya taa.

Vyombo ndivyo vitakavyokuponza kama hukujihadhari. Sufuria za kukodi zimepika pilau ya nyama na samaki wa kupaka kila wiki. Za bati na chuma zinasafishika, lakini ubao wa kukatia na mwiko wa mti hunywa mafuta na harufu, basi nunua vipya. Mafuta yawe mapya, chupa ifunguliwe siku hiyo. Bhajia iliyokaangwa katika mafuta yaliyokaanga sambusa za nyama si chakula cha Mjaini hata kama ndani yake mna mumunye mtupu.

Kwa watu 60, mimi ningepika hivi. Mchele kilo 5, uwe wa jira na samli. Mbaazi za kukobolewa kilo 2 na nusu kwa mchuzi, nyanya kilo 3, ukwaju kidogo na sukari guru, kwani Wagujarati wanapenda mchuzi wenye utamu na ukali pamoja. Ndizi mbichi za kupikia 100 badala ya mbatata. Mumunye kilo 6. Chapati 3 kwa kila mtu. Kachumbari ya tango na kabichi bila kitunguu, na kabichi ulifumue jani kwa jani, usilikate zima, maana viwavi hulala ndani kabisa.

Ndizi ziwe ngumu na kijani kibichi. Ikianza kuwa na manjano nchani, utamu wake utaharibu bizari. Zichemshe na maganda yake kwa dakika kama 10 hadi ganda lianze kupasuka, zipoe, ndipo umenye. Ukizimenya mbichi, utomvu utakushika mikono na nyama yake itakuwa nyeusi. Zikizidi kuiva zinakuwa nata kama ugali, hazishiki umbo la mbatata.

Mahali pa kitunguu na thomu weka mvuje, ule ule ambao wazee wetu huufukiza kufukuza mashetani. Ukiunusa mbichi utakimbia. Lakini ukiutia kwenye samli ya moto, baada ya jira kupasuka, kwa sekunde tano tu, unageuka na kutoa harufu iliyo karibu sana na thomu iliyokaangwa. Kwa kilo 2 na nusu za mbaazi, vijiko vidogo 2 vya mvuje wa unga vinatosha. Ukiuacha ukaungua, chungu chote kitakuwa kichungu na hakuna dawa, mwaga samli hiyo uanze tena. Mvuje wa unga huchanganywa na unga wa ngano mara nyingi, basi uliza kama kuna mgeni asiyekula ngano.

Jambo linalowakosesha hata wapishi wazoefu ni mtindi na jamii ya kunde. Kwao mtindi au maziwa yasiyopashwa moto hayachanganywi na dengu, mbaazi, choroko wala unga wake, kwa kuwa wanaamini mchanganyiko huo huzaa viumbe papo hapo. Bhajia za dengu juu ya mtindi baridi, kama tunavyouza barabarani, hapana. Mtindi ukiupasha kwanza mpaka uwe moto kabisa, ruksa. Tatizo ni kwamba ukiupasha peke yake unakatika. Basi upige vizuri, kila lita uitie kijiko kikubwa kimoja cha unga wa mchele, ambao si wa jamii ya kunde, weka kwenye moto mdogo na ukoroge bila kuacha. Ukishafuka moshi, ndipo utie uji wa unga wa dengu.

Vitu vya dukani visome karatasi yake. Bizari za mchanganyiko na vibonge vya supu mara nyingi vina unga wa kitunguu au thomu. Jeli na peremende laini huwa na jelatini ya mifupa na ngozi. Jibini nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Chatne usinunue, saga mwenyewe: nazi, kotmiri, pilipili, ndimu, chumvi.

Saa nayo ni sehemu ya chakula. Wengi wao hawali baada ya jua kutua, kwani gizani mdudu hukaribia taa na kuangukia sahani bila kuonekana. Hapa kwetu jua hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, kwa hiyo adhana ya Maghribi ndiyo mpaka wao. Chakula cha mchana kikichelewa hakiwezi kugeuka cha jioni. Na kilichopikwa jana hakiliwi leo. Usipike dengu usiku ukidhani unajirahisishia, amka alfajiri uanze. Kitakachobaki kigawe siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama.

Ukienda kupeleka chakula na pahali penyewe pawe ukumbi wa hekalu, mkoba na mkanda wa ngozi viache garini. Pengine wazee watakusimulia habari za Neminatha, Tirthankara wa 22, ambaye wanasema alikuwa akipelekwa kuoa, akasikia vilio vya wanyama waliofungwa zizini wakingojea kuchinjwa kwa karamu yake, akageuza gari njiani na hakuoa tena. Sikiliza kwa heshima. Kisa hicho kitakueleza kwa nini karamu kwao ni mtihani mkubwa kuliko chakula cha kila siku.

Na ukikosea, sema. Kipande cha kitunguu kikianguka kwenye sufuria, usikitoe kimyakimya ukatazama kando. Mwendee mama mwenye shughuli, mwambie ni chungu kipi. Wala hawalingani wote: kuna anayekula mbatata nyumbani na kuiacha siku za ibada tu, kuna asiyegusa hata siagi ila samli, na siku hizi wapo walioacha maziwa kabisa. Mpigie simu kabla hujaenda Marikiti, umuulize kwa adabu kama bibi mwenyewe anakula mtindi na wa siku ngapi, kama mboga za majani zinakubalika, kama maji ya kunywa ya kuchemsha utayaleta wewe au wanayo yao, na wangapi wamefunga siku hiyo.

Zaidi ya yote muulize tarehe, maana hukunitajia. Wana siku 8 za ibada ziitwazo Paryushan, kati ya Agosti na Septemba, na siku hizo wengi wanaacha mboga mbichi zote. Ikiangukia humo, ndizi, mumunye, nyanya, tango na kabichi futa, tubaki na nafaka, mbaazi, choroko na maziwa, nami nitakuandikia vipimo upya.

Mama yako